Umbali wa Salamu: Picha za Kuvizia na Sura za Wachimbaji wa Kasulo

1. Utangulizi

Uhakiki wa sanaa katika Kiswahili umeshughulika na neno zaidi kuliko picha. Tunazo istilahi zilizokomaa za kujadilia riwaya, tamthilia na ushairi. Picha ya kamera, ambayo leo hutazamwa na watu wengi kuliko wanaosoma riwaya yoyote, tumewaachia waandishi wa habari na wanasheria. Makala haya yanakusudia kuileta picha katika uwanja wetu na kuihakiki kwa vigezo vya fani na maudhui tulivyozoea kuvitumia kwa kazi za fasihi. Tutashughulikia aina moja tu ya picha: sura ya mtu asiyefahamiana na msanii, iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali, bila ya mwenye sura kujua. Tutaiita picha ya kuvizia. Neno hilo lina harufu ya uwindaji. Hapa tunalitumia kutaja utaratibu wa kazi tu, na hukumu itafuata baada ya hoja.

Mahali tutakapoipimia aina hiyo ni Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pana sababu mbili za kuchagua hivyo. Kwanza, wachimbaji wa Kolwezi ni miongoni mwa watu ambao sura zao zimesambazwa mno duniani katika miaka ya karibuni, hali majina na maneno yao hayakusambazwa kwa kiasi hicho. Pili, wakazi wa huko ni wasemaji wa Kiswahili, kile cha Katanga, na lugha yetu ina mambo ya kusema kuhusu kutazama na kutazamwa ambayo mjadala huu, ulioendeshwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa, haujayasikia.

Mjadala huo kwa kawaida hugawa suala katika mafungu mawili. Fungu la kwanza huuliza kama picha ni nzuri. La pili huuliza kama ni halali. Hoja yetu ni kwamba mafungu hayo hayatengani. Upungufu wa kisanaa wa picha ya kuvizia na kasoro yake ya kimaadili hutokana na chanzo kimoja, nacho ni msanii kuukwepa ule umbali ambao watu wawili huweza kuamkiana.

2. Kasulo na tatizo la mahali

Yafaa tuanze na historia fupi, kwani bila hiyo sura iliyomo pichani haisomeki. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mali ya kampuni hiyo ilitaifishwa mwaka 1967, na shirika lililoirithi likaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Shirika hilo lilianguka katika miaka ya 1990. Mojawapo ya mapigo yake ni kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990. Ajira ya kampuni ilipokauka, watu wengi walichukua sururu na kuchimba wenyewe.

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo, akichimba katika kiwanja chake, alikuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti nyingi. Habari ilienea, na kwa muda mfupi mtaa wa makazi ukageuka mgodi. Watu walichimba uani, kando ya njia, hata ndani ya vyumba vyao. Mashimo yalishuka wima, kisha yakaingia pembeni chini ya nyumba za majirani. Juu ya midomo yake yakatandazwa maturubai. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilibomolewa, wakazi wake wakahamishwa kwa fidia, na eneo likazungushiwa ukuta ili uchimbaji uendelee chini ya usimamizi na mawe yauzwe kwa Congo Dongfang International Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya Uchina. Kobalti hiyo huingia katika betri za simu, za kompyuta na za magari ya umeme. Wahenga wetu walikwisha kusema: usione vyaelea, vimeundwa.

Mwezi Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti yao kuhusu kobalti ya Kongo na kazi ya watoto. Tangu hapo wapiga picha wamefika kwa wingi. Baadhi yao walikaa na watu, wakauliza majina na kusikiliza habari zao. Wengine walipiga kutoka ndani ya gari, juu ya kifusi, au ng'ambo ya ukuta. Ni hawa wa pili wanaotuhusu.

Kasulo inaupinda msingi mmoja ambao picha ya kuvizia huutegemea. Msingi huo husema kwamba anayepita barabarani amejitoa machoni pa watu, hivyo kumpiga picha si kumwingilia. Philip-Lorca diCorcia, Mmarekani aliyewapiga wapita njia wa Times Square, New York, kati ya mwaka 1999 na 2001 kwa lenzi ndefu na taa zilizofichwa, alishitakiwa na mmoja wao, mzee wa dini ya Kiyahudi aliyeona kuwa picha ile inakiuka imani yake. Mwaka 2006 mahakama ya New York iliitupilia mbali kesi hiyo, ikitambua kuwa picha ile ni sanaa. Uamuzi huo ulitolewa katika mji ambamo mtu hutoka nyumbani, akafunga mlango, akashuka barabarani. Mchimbaji wa Kasulo anaweza kuwa nyumbani na kazini kwa wakati mmoja. Ua aliozaliwa humo watoto wake ndio mdomo wa mgodi wake, na pale nyumba ilipobomolewa, chumba cha kulala kimegeuka uwanja ulio wazi. Kwa hiyo swali la kama alikuwa hadharani au faraghani halina jibu rahisi kwake. Sheria ya njia panda za New York haiwezi kuhamishiwa hapo bila ya marekebisho.

3. Fani: lenzi ndefu inafanya nini?

Wahakiki wengi wa maadili ya picha huiacha fani kwa mafundi. Hilo ni kosa, kwa kuwa maudhui ya picha huzaliwa katika hesabu za umbali.

Chukua mtu mzima aliyesimama wima, nasi tunataka aenee vyema katika fremu ya filamu ya milimita 35 iliyoshikwa wima. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, mpiga picha atalazimika kusimama mita 3 hivi kutoka kwake. Kwa lenzi ya milimita 400 ataweza kusimama mita 22. Mita 3 ni umbali wa salamu. Hapo huwezi kumtazama mtu kwa muda mrefu ukakaa kimya. Ama utamwamkia, ama atakuuliza una shida gani. Mita 22 ni umbali wa ng'ambo ya njia. Hapo kimya hakihitaji udhuru.

Athari ya pili inahusu kina. Tuseme nyuma ya mchimbaji, mita 3 kutoka miguuni pake, pana mdomo wa shimo. Kwa anayetazama kutoka mita 3, shimo liko mbali mara mbili kuliko mtu, nalo litaonekana kwa nusu ya ukubwa ambao lingekuwa nao kama lingekuwa miguuni pake. Jicho linaisoma tofauti hiyo na kutambua nafasi iliyopo kati ya mtu na shimo. Kwa aliye mita 22, shimo liko mita 25, na litaonekana kwa asilimia 88 ya ukubwa huo. Nafasi imekunjwa. Mtu, shimo, turubai na ukuta vimebandikwa pamoja kama karatasi. Tena, lenzi hizi zinapofunguliwa tundu lake sana, kama desturi ya wapigaji wa sura ilivyo, kila kilicho nyuma ya mtu huyeyuka na kuwa ukungu wa rangi.

Matokeo yake hupendeza, na mhakiki mwaminifu hana budi kulikiri hilo. Vumbi kwenye kope, jasho shingoni, jicho lililoelekea pembeni: vyote hujitokeza kwa ukali usiopatikana katika picha za pamoja. Mtazamaji hujiona amekaribia mno. Lakini ni ukaribu usio na ujirani. Uso umeng'olewa katika ardhi yake na kuelea mbele ya ukungu, na ukungu huo ungeweza kuwa wa machimbo ya Kolwezi, wa soko la Kampala au wa kituo cha basi cha Mwanza.

Hapa ndipo fani inapoisaliti habari. Kisa cha Kasulo ni kisa cha kina: shimo lililo chini ya nyumba, tabaka la jiwe chini ya sakafu, mtu anayeshuka kwa kamba chini ya kitanda chake mwenyewe. Mtu asiyeuona uhusiano wa mwili na shimo, na wa shimo na nyumba, hajaiona Kasulo. Lenzi ndefu ni chombo kinachokunja kina. Kuitumia kwa mahali kama hapo ni sawa na kuandika tamthilia ya watu wawili na kufuta maneno ya mmoja wao.

4. Madai ya ukweli wa uso usiojua

Watetezi wa picha ya kuvizia wana hoja kubwa ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba mtu akijua anapigwa picha hujitunga: hunyoosha kola, hukaza midomo, huvaa uso wa wageni. Asipojua, huonyesha uso wake wa kweli. Kwa imani hiyo Paul Strand alitumia lenzi ya udanganyifu katika mitaa ya New York mwaka 1916, na Walker Evans akaficha kamera ndani ya koti lake katika treni za chini ya ardhi za mji huo kati ya mwaka 1938 na 1941. Yafaa ikumbukwe kwamba kitabu cha Evans chenye picha hizo, Many Are Called, kilitoka mwaka 1966, robo karne baadaye. Picha ya mchimbaji iliyopigwa asubuhi leo inaweza kumfikia mnunuzi, askari na jirani kabla ya jua kutua.

Je, uso usiojua ni wa kweli zaidi? Tunadhani kwamba ni uso usio na msemewa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mchimbaji anayesubiri mizani ya mnunuzi tayari amejitunga. Anamficha mnunuzi haraka yake na anamficha mwenzake hofu yake. Kamera inayomvizia haimwoni mtu aliye peke yake na nafsi yake. Inamwona akiwa katikati ya mazungumzo na watu walioachwa nje ya fremu, kisha inatuonyesha nusu ya mazungumzo hayo na kuiita siri ya moyo.

Aidha, pana suala la uteuzi. Uso hupita katika hali nyingi ndani ya dakika moja: kupepesa, kupiga miayo, kucheka, kuwaza. Kamera hukamata mkupuo wa sehemu ndogo mno ya sekunde, na mpiga picha hurudi na mamia ya mikupuo. Ile inayochapishwa ni ile inayolingana na matarajio ya hadhira, na kwa Kongo matarajio hayo yanajulikana: huzuni, uchovu, macho makubwa ya mtoto. Mchimbaji aliyekuwa akicheka na mwenzake sekunde mbili kabla hatamwona msomaji wa Ulaya. Hivyo picha inayodai kutotungwa imetungwa mara mbili, kwanza na mpiga picha, kisha na mhariri. Aliyekosa nafasi ya kutunga ni mwenye uso peke yake.

Historia ya Kongo yenyewe inatupa ushahidi kinyume cha madai haya. Mwezi Mei 1904 mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika katika misheni ya Baringa akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake mdogo, mabaki yaliyoachwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi barazani, mabaki yale yakiwa mbele yake. Picha hiyo ilisafiri Uingereza na Marekani, na ikawa miongoni mwa silaha zilizoutikisa utawala wa Leopold II. Mwaka uliofuata Mark Twain alimfanya mfalme huyo, katika kijitabu cha dhihaka, ailaani kamera kuwa shahidi asiyehongeka. Shahidi huyo hakuvizia. Nsala aliketi, nasi tunaliona baraza, tunaona watu waliosimama nyuma yake, tunaona umbali kati ya macho yake na kile anachokitazama. Nguvu ya picha imo katika umbali huo mfupi, ule ule ambao lenzi ndefu ingeukunja.

5. Lugha: kupiga, kupigwa na kupigia

Tugeukie sasa lugha. Wako waliodai kwamba usemi wa Kiswahili "kupiga picha" unaonyesha ukatili wa kamera, kama vile Susan Sontag alivyoifananisha kamera na bunduki katika On Photography (1977). Dai hilo ni jepesi. Kitenzi "piga" katika lugha yetu hubeba shughuli nyingi zisizo na ukatili wowote: tunapiga simu, tunapiga hatua, tunapiga pasi, tunapiga magoti. Hazina ya lugha yetu katika suala hili imo katika mnyambuliko.

Tuangalie matumizi matatu. Kwanza, mtu aendaye studio husema, "Nakwenda kupiga picha." Fundi ndiye atakayebonyeza kamera, lakini mwenye sura ndiye mtenda wa sentensi. Amechagua nguo, amechagua siku, ameketi atakavyo. Kwa hiyo lugha inamhesabu kuwa yeye ndiye aliyepiga. Pili, mtu husema, "Nimepigwa picha." Hapa amekuwa mtendwa, na kwa kawaida kauli hiyo husemwa na aliyeshtukizwa au aliyekamatwa. Tatu, mtu humwambia mwenzake, "Nipigie picha." Kiambishi cha kutendea kinaingiza swali la nne, ambalo kamera yenyewe hailijui: picha hii inapigwa kwa ajili ya nani?

Picha ya kuvizia ni ya kauli ya kutendwa peke yake. Mwenye sura hakupiga, wala hakupigiwa, alipigwa. Na ukiuliza ilipigiwa nani, jibu litakuwa mhariri, mnunuzi, nyumba ya maonyesho, au msomaji mwenye huruma katika nchi nyingine. Hata picha yenye nia njema ya kupinga dhuluma hubaki na muundo huo endapo mwenye sura hataonana nayo kamwe. Asiyekuwepo na lake halipo, husema methali. Na katika picha ya kuvizia mtu hayupo hali sura yake ipo.

Wasomaji wa pwani watakumbuka hapa dhana ya sitara. Heike Behrend, katika Contesting Visibility (2013), ameonyesha jinsi watu wa Lamu na Mombasa walivyoipokea picha kwa furaha katika studio huku wakijenga njia za kuikwepa, hasa kwa wanawake. Hata hivyo tusiipeleke dhana ya pwani Kolwezi kama mzigo. Katanga ina historia na dini zake. Kilicho cha wote ni hodi. Kuita hodi si kuomba ruhusa tu. Ni kutangaza kwamba mwenye nyumba ana haki ya kujiweka sawa kabla hujamwona: afunge kanga, aondoe sahani, apanguse uso. Hodi inatambua kuwa kujitunga mbele ya mgeni ni heshima. Hapo lugha yetu inapingana waziwazi na nadharia ya uso usiojua, inayokuona kujitunga huko kuwa uongo.

6. Hoja ya upande wa pili

Tusingekuwa waadilifu kama tungeishia hapo. Pana hali ambayo hodi yenyewe hugeuzwa kuwa mtego. Katika eneo lenye ukuta na walinzi, anayeombwa ruhusa mara nyingi si yule atakayepigwa picha. Ni msimamizi wa lango, ofisa wa usalama, mnunuzi wa mawe. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi mbaya kabisa. Mwajiri anayeivunja hatampa mpiga picha kibali cha kuonyesha hivyo. Methali yetu nyingine husema macho hayana pazia, na mara nyingine ni kheri kwamba hayana. Kama kusingekuwa na lenzi ndefu, wenye nguvu wangeweza kutuonyesha kile tu wanachokitaka.

Tunaikubali hoja hii, lakini tuitazame inathibitisha nini. Inathibitisha haki ya kuipiga picha kazi, ukuta, gari la mizigo, mkono unaobeba gunia, mtoto aliyeinama mbele ya kifusi. Haithibitishi haja ya sura. Ushahidi kwamba watoto wapo hauhitaji uso wa mtoto huyu anayeweza kutambuliwa. Sura ndiyo inayogeuza ushahidi dhidi ya mfumo kuwa ushahidi dhidi ya mtu.

Hatari hiyo si ya kubuni. Uchimbaji mdogo nchini Kongo unaruhusiwa katika maeneo maalumu kwa wenye vitambulisho vya kazi hiyo. Aliye nje ya maeneo hayo anahesabiwa kuwa mvamizi. Mwezi Juni 2019 sehemu ya mgodi wa KCC karibu na Kolwezi iliporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 40 waliokuwa wameingia humo. Baada yake jeshi lilitumwa kuwaondoa wachimbaji katika maeneo ya makampuni. Katika hali hiyo picha yenye sura, mahali na tarehe ni hati ya mashtaka. Na tangu programu za kompyuta zijifunze kulinganisha nyuso, sura isiyo na jina hupatiwa jina kwa urahisi.

Linganisha na taaluma nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha katika Nature Sustainability matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kasulo, uliopima kobalti katika damu na mkojo wa wakazi 72, wakiwemo watoto 32. Tone la damu haliwezi kuchukuliwa kutoka mita 22. Mtafiti lazima afike, ajieleze na akubaliwe, na hakuna anayehitaji sura ya aliyetoa damu ili ayaamini matokeo. Linganisha pia na mahakama. Mwezi Desemba 2019 familia za Kikongo zilifungua kesi Washington dhidi ya Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla, zikitambulishwa kwa majina ya bandia ili zisidhurike. Kesi ilikataliwa mwaka 2021 na rufaa ikashindwa mwezi Machi 2024, lakini kinga ile ya jina haikuidhoofisha hoja yao. Daktari amesema kweli bila ya sura, na mwanasheria amesema kweli bila ya jina. Msanii hana msamaha wa pekee.

7. Njia nyingine: ukumbusho

Je, tunamwambia mpiga picha afunge begi lake arudi nyumbani? La hasha. Katanga yenyewe ina mapokeo ya picha yanayotufundisha njia nyingine. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1970 na kuchapisha Remembering the Present mwaka 1996 kuhusu mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, ameeleza kwamba michoro iliyotundikwa katika nyumba za watu wa kawaida ilipimwa kwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Mchoro ulikuwa mzuri uliposaidia waliouona kukumbuka na kusimulia. Kigezo hicho kinampa mtazamaji wa karibu, yule mwenye kisa, nafasi ya kwanza.

Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ameyaendeleza mapokeo hayo kwa kamera. Katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006 aliwatoa wafanyakazi katika picha za kale za enzi ya ukoloni, zisizo na rangi, akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines aliyoyapiga mwenyewe kwa rangi na kwa upana mkubwa. Wafanyakazi hao nao hawakuulizwa na kampuni kama wanataka kupigwa picha. Ni watendwa wa awali. Mtu anaweza hata kumlaumu Baloji kwa kuwakata upya. Lakini tazama alichokifanya kwa fani: amewarudishia mahali. Nyuma yao pana vinu, reli na vichuguu vya taka za madini, vyote vikiwa wazi hadi upeo wa macho, na uhusiano wa mwili na ardhi unasomeka. Katika mfululizo wake kuhusu Kolwezi, Baloji ameziweka picha za machimbo ya wachimbaji wadogo sambamba na mabango ya mandhari ya kuvutia yanayotoka Uchina na kutundikwa ukutani majumbani. Mtazamaji haoneshwi machozi ya mtu. Anaonyeshwa anachokichimba na anachokitamani, na kuachiwa kazi ya kuwaza.

Si ajabu basi kwamba kituo cha sanaa ambacho Baloji ni mmoja wa waasisi wake huko Lubumbashi, kilichoandaa tamasha lake la kwanza la kimataifa mwaka 2008, kinaitwa Picha. Jina la Kiswahili limetumika bila tafsiri. Ni kama kusema kwamba wanaopigwa wanaweza pia kupiga, na kupigiana.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha ya kuvizia, hasa inapopelekwa Kasulo, inashindwa katika fani kwa sababu ile ile inayoifanya ishindwe katika maadili. Kwa kusimama mbali, msanii anaukwepa wajibu wa kuamkia. Na kwa kusimama mbali, anapoteza kina, yaani shimo, nyumba na ardhi ambazo ndizo habari yenyewe. Hazina yake ya uso usiojua imegunduliwa kuwa ni nusu ya mazungumzo iliyojazwa maana na watu wengine.

Kutokana na hayo tunapendekeza maswali matatu kwa mhakiki wa picha za aina hii, popote zilipopigwa. Je, katika picha hii mahali panasomeka, au mtu ameelea? Je, mwenye sura alipiga, alipigiwa, au alipigwa tu? Na kama ilibidi msanii avizie kwa kuwa lango lilikuwa mikononi mwa mdhulumu, je, alihitaji sura, au kazi ya mikono ingetosha? Picha ya lenzi ndefu inayoyajibu maswali haya vyema inawezekana, nasi tutakuwa wa kwanza kuisifu.

Lipo jambo moja linalobaki kwa watafiti wa Kiswahili. Mchimbaji wa Kasulo husema lugha tunayoifundisha. Akiulizwa, anaweza kueleza mwenyewe ni picha gani angependa ipigwe, asimame wapi, na nini kionekane nyuma yake. Uwanja huo wa utafiti uko wazi, na hauhitaji chombo chochote chenye masafa zaidi ya mita 3.